Dirisha la Chumba cha Maziwa

Wout Kerstens alikuwa msafi kupita kiasi, na usafi huo ndio uliomponza. Alikamua ng'ombe kwa miaka thelathini na minane, na kwa miaka yote hiyo hakuna mkaguzi aliyewahi kukuta doa kwenye mabomba yake ya maziwa. Magoti yalipomkatalia akauza ng'ombe, lakini usafi ulibaki, tena ukawa hauna kazi. Akaanza kuosha vitu ambavyo havikuomba kuoshwa: mawe ya uani, baiskeli za wageni, mapipa ya taka ya jirani. Corrie, mkewe, alizoea kusema kwamba yeye akitangulia kufa, Wout atampiga maji ya presha kabla ya kumweka kwenye jeneza.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye kitongoji cha Achterlaar kilimkabidhi viazi vya maua yake ya dalia avitunze majira ya baridi.

Achterlaar ni nyumba arobaini na ushee. Haina kanisa wala duka. Ina shamba la dalia, na ina kiburi. Kila Jumapili ya kwanza ya Septemba vitongoji vyote vya upande ule wa jimbo la Brabant hushindana kwa magari makubwa yaliyofunikwa maua kuanzia magurudumu hadi kileleni, na kitongoji kikishika nafasi ya mwisho, watu wake hupita madukani wakitazama chini hadi Krismasi. Vitongoji vingine vina maua ya manjano, meupe, ya chungwa, kama kila mtu. Achterlaar ina hayo, na juu yake ina dalia nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, ambayo haipo kwingine kokote. Drika Snoeijs aliiotesha kutoka kwenye mbegu, pembeni mwa bustani yake ya maharagwe, mumewe angali hai. Hakuna kiazi chake kimoja kilichowahi kuvuka mpaka wa kitongoji. Wenyewe wameiita Nyeusi, basi.

Viazi vya dalia haviwezi kulala ardhini kule. Barafu ikishuka chini ya udongo, vinageuka uji. Kwa hiyo majani yakishaungua na baridi ya kwanza ya Novemba, watu huvichimba, vikahifadhiwa ndani hadi mwezi wa nne. Kwa majira thelathini na moja ya baridi Drika ndiye aliyekuwa akivihifadhi, kwenye handaki lake la viazi mbatata, chini ya jiko. Hakupoteza zaidi ya ndoo mbili kwa mwaka. Alipotimiza miaka themanini na minne, ngazi za handaki zikamshinda, na kazi ikamwangukia Wout, ambaye alikuwa na chumba cha maziwa kitupu, chenye vigae ukutani, na muda mwingi kuliko akili.

Drika alimpa mafundisho yote akiwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni.

"Usivioshe, Wout. Kung'uta udongo, basi. Vigeuze kichwa chini, maji yatoke kwenye shina. Vifunike kwa maranda ya mbao. Na kila Jumamosi uingie unuse."

"Ninuse, Shangazi?"

"Pua unayo, tena si ndogo. Kuoza kunanuka kabla hujakuona."

Wout aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mzee. Moyoni alikuwa akisema: udongo, ndani ya chumba cha maziwa? Thubutu.

Novemba watu walichimba kwa siku mbili, wakamletea vishada mia sita vya viazi kwa matrekta. Siku ya tatu Wout alitoa mashine yake ya maji ya presha. Aliviosha kimoja kimoja, mpaka kwenye mikunjo, vikawa vinang'aa kama karoti za dukani. Majirani walikuja kutazama. Janus Roelands, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, alikiinua kishada kimoja juu.

"Hivi ni viazi au mayai ya Pasaka yaliyopambwa?"

"Ndivyo kazi inavyofanywa," alisema Wout, na uso ulimwiva kwa furaha. Tangu ng'ombe waondoke hakuna aliyekuwa amemsifu kwa lolote.

Mvua ilikuwa inakuja. Hakuvingoja vikauke. Alivipanga vikiwa bado vinachuruzika kwenye makreti ya plastiki yenye vifuniko, akavibana vifuniko, akapandanisha makreti hadi darini. Kisha akafunga mlango na dirisha, akaning'iniza kipimajoto, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri. Chumba kilikuwa safi kiasi cha kuzalia mtoto.

Drika alifika siku ya sikukuu ya Sinterklaas, mwanzoni mwa Desemba, akisukuma kigari chake cha kutembelea, na biskuti za viungo kwenye kikapu cha mbele. Alisimama katikati ya chumba cha maziwa, akanusa. Hakupenda alichonusa.

"Hewa," alisema. "Hawa wanapumua, Wout. Wanataka hewa." Akachomoa fimbo yake kwenye kigari, akasukuma kidirisha cha juu kikafunguka kiasi cha upana wa mkono. "Kiache hivyo mpaka baridi kali. Na vifuniko hivyo vitoe."

"Sawa, Shangazi."

Alimsindikiza hadi uani. Alingoja kigari kikate kona ya uzio, akarudi ndani, akalifunga dirisha. Alilifunga kwa kidole kimoja, akitabasamu. Vifuniko hakuvigusa. Na baridi kali ilipokuja mwaka mpya, nyuzi nane chini ya sifuri, akawasha kihita kidogo ili wageni wake wa kwenye makreti wasitetemeke.

Jumamosi alizotakiwa kunusa hakunusa. Aliona ni mambo ya vibibi. Aliyekuja kumpa habari ni maji yenyewe: katikati ya Januari alikuta kijito cha rangi ya chai kimepita chini ya mlango wa chumba cha maziwa, kikaganda juu ya mawe yake meupe. Alifungua mlango na harufu ikamrudisha nyuma hatua mbili. Alifungua kreti la kwanza. Ukungu mweupe ulikuwa umeota juu ya viazi, laini kama manyoya ya kifaranga, na alipotia mkono kukiinua kishada, kishada hakikuinuka. Vidole vilizama. Kreti la pili vivyo hivyo. La tatu, la nne. Wout aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabaki hapo mpaka Corrie alipokuja kumwita chakula.

Corrie alitazama makreti, akamtazama mumewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakufanya mzaha.

"Mwambie Janus."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishajua vimebaki vingapi."

Wiki mbili nzima alijifungia na kisu. Alikata sehemu ya kahawia, akapangusa kisu kwa spiriti, akakata tena, mpaka afike kwenye nyama nyeupe, kavu. Alichopata akakipaka unga wa salfa na kukilaza kwenye mchanga mkavu. Kazi ile aliifanya vizuri, tumpe haki yake. Angeifanya Novemba nusu yake tu, pasingekuwa na hadithi. Shida ni kwamba kuoza kulikuwa kumeanzia shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina, na jicho la dalia liko pale pale, si kwingine. Kiazi cha mbatata kina macho mwili mzima. Cha dalia kina macho shingoni tu, na shingo ikienda, unabaki na kipofu: kinene, kizima, kinakaa ardhini kiangazi chote bila kutoa hata jani moja. Wout alikuwa na makreti matatu ya vipofu. Vya rangi nyingine ilibaki ndoo moja yenye macho, na hizo rangi zingepatikana kwa wakulima wengine. Vya Nyeusi vilikuwa vishada mia moja na ishirini. Vilivyobaki na jicho ni viazi kumi na kimoja.

Alivihesabu mara nne. Sasa alijua, na bado hakwenda kwa Janus. Kila asubuhi alivaa koti, akafika kwenye uzio, akakumbuka mayai ya Pasaka, akarudi. Alikuwa anaona haya kama mtoto aliyekojoa kitandani, na umri wake ni miaka sitini na mitatu.

Mwishowe Janus alikuja mwenyewe, mwanzoni mwa Februari, kuuliza idadi kwa ajili ya mpango wa shamba. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango, akaona makreti matupu, mchanga, kisu.

"Mungu wangu. Wout. Nini hiki?"

Hapa lazima nimtendee haki tena: hakuwa amepanga. Maneno yalitoka tu, kama kikohozi.

"Baridi iliingia. Ile ya mwaka mpya."

"Iliingia wapi? Chumba hiki?"

"Dirisha lilikuwa wazi."

"Aliliacha wazi nani?"

Wout alitazama viatu vyake vya mbao. Angeweza kusema "mimi" na ingekuwa uongo mdogo tu, wa kubebeka. Lakini alimwona Janus ameshika kiuno, akaona jinsi jina lake litakavyozungushwa kwenye kila meza ya kahawa.

"Shangazi Drika alilifungua siku ile ya Sinterklaas," alisema. "Kwa fimbo yake. Mimi sikuangalia tena."

Angalia jinsi alivyoyasuka maneno. Drika kweli alilifungua dirisha. Wout kweli hakuangalia tena, maana alilifunga mwenyewe, ya kuangalia yalikuwa nini? Kwa kila neno angeweza kula kiapo, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu.

Janus alishusha pumzi. "Masikini. Umri huo." Akamshika Wout bega. "Tusimwambie, sawa? Atavunjika moyo." Na akaenda, na kwa kuwa sauti yake ni ile niliyosema, kufikia saa ya chakula cha mchana Achterlaar nzima ilikuwa imeshajua.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu ndiyo siku ya kupasua. Watu wote hukutana kwenye banda la kitongoji kugawanya vishada na kuchagua macho, kukiwa na supu nzito ya njegere na mikate iliyotiwa soseji ndani. Mwaka huo meza zilikuwa ndefu na viazi vichache. Kumi na kimoja vya Nyeusi vilikuwa kwenye kisanduku cha mchanga, mbele ya Janus, na watu waliviangalia kama wanavyomwangalia mgonjwa.

"Bado kuna njia," alisema Janus. "Vikiamshwa kwenye joto, vichipukizi vikikatwa na kuoteshwa, kila jicho linatoa miche kumi, kumi na mitano. Aliyeweza kazi hiyo hapa ni mmoja tu. Drika?"

Drika alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Alisimama kwa kushika kigari chake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Nina neno," alisema. "Nimeambiwa kuhusu dirisha."

Mtu mmoja alimkanyaga Janus mguu, nadhani mkewe.

"Kulifungua nakumbuka. Vizuri kabisa. Kulifunga sikumbuki, na nilijua baridi inakuja, nilipaswa kurudi kuangalia, na sikurudi, au nilirudi nikasahau, sijui tena." Alivuta pumzi. "Nimeviua vyote. Naomba radhi. Na hivyo kumi na kimoja mpeni mtu mwingine. Mikono hii isishike tena kitu cha kitongoji."

Wanawake walimzunguka. Walimwambia si kitu, Drika, kila mtu husahau, kaa, kunywa supu. Alikuwa analia bila sauti, akijipangusa kwa nyuma ya mkono. Wout alikuwa hatua sita kutoka pale, na bakuli mkononi. Alijiambia: nikisema sasa, mbele ya wote, nitamwaibisha yeye zaidi. Aliinamisha kichwa akala supu. Aliimaliza yote, na hata mkate akapangusia bakuli, na mpaka leo hakuna kitu anachokionea haya kama ule mkate.

Njiani kurudi nyumbani Corrie alitembea mbele yake. Kwenye uzio aligeuka.

"Kesho yake baada ya Sinterklaas nilipangusa madirisha yote kwa nje. La chumba cha maziwa lilikuwa limefungwa."

Wout alishika uzio.

"Nilidhani utasema. Nilikaa pale nikasema, ngoja, mume wangu atasema." Akafungua mlango. "Chakula kiko kwenye friji, bwana."

Tangu siku hiyo alimwita "bwana", kama anavyomwita mtu wa kusoma mita.

Wiki mbili zilipita. Jumamosi asubuhi kengele ya mlango ililia, na Wout akamkuta Liesbeth, binti wa Drika, anayeishi mjini. Alikuwa amebeba keki.

"Baba Kerstens, hii ni yako. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Ulivyolibeba. Mtu mwingine angemgombeza mama. Wewe wanasema hukumtupia hata neno." Alimpa keki mikononi. "Na nina ombi. Alhamisi anakuja yule mama wa nyumba ya wazee, kuona kama mama anafaa kupewa chumba. Wanataka kusikia kwa majirani kwamba hawezi kukaa peke yake tena. Ungemweleza lile la dirisha? Basi tu, kama lilivyotokea."

"Drika ahame?" Wout alishika fremu ya mlango. "Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Ndiye aliyenipigia simu. Anasema mtu anayesahau dirisha atasahau gesi, atawaunguza majirani. Nimeshaanza kufunga vyombo." Macho yake yalijaa machozi. "Mimi nilikuwa nadhani ana akili timamu kuliko mimi. Kumbe."

"Nitakuja," alisema Wout.

"Alhamisi?"

"Nitakuja."

Liesbeth aliondoka na baiskeli. Wout alisimama ukumbini na keki. Corrie alikuwa juu ya ngazi, amesikia yote, na hakusema hata "bwana". Wout aliiweka keki sakafuni, kwa sababu hakuona haki ya kuiweka mezani, akatoka bila koti.

Drika alikuwa jikoni. Nusu ya kabati ilikuwa tupu, Liesbeth akifunga sahani kwa magazeti. Lakini Wout hakuona sahani. Aliona vikaratasi. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango wa nyuma: FUNGA. Kwenye bomba: FUNGA. Kwenye dirisha juu ya sinki vilikuwa viwili, kimoja juu ya kingine, na vyote viliandikwa kwa mwandiko ule ule ulioinama wa Drika.

"Kaa, Wout," alisema Drika. "Kahawa ipo. Ngoja." Alikwenda kwenye jiko, akashika kitasa cha gesi, akakizungusha kuhakikisha kimezimwa. Akarudi kukaa. Akasimama tena, akaenda kukishika tena.

Hapo moyo wa Wout ukapasuka. Sina namna nyingine ya kulisema.

"Shangazi, dirisha nililifunga mimi."

"Lipi?"

"La chumba cha maziwa. Hukuwa hata umefika barabarani. Nililifunga, na vifuniko sikuvitoa. Baridi haikuingia. Vilioza kwa maji, nilivifungia vikiwa vibichi, na nikawasha kihita juu yake. Halafu nikamwambia Janus ni wewe."

Sahani aliyokuwa ameishika Liesbeth ilibaki hewani.

"Siku ileile?" aliuliza Drika.

"Dakika ileile."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau kitu. Hapakuwa na cha kusahau. Ulisema liachwe wazi, ukaliacha wazi."

"Wewe mwanaume wewe!" Liesbeth alipiga sahani mezani. "Nimekuletea keki!"

"Nyamaza, Liesbeth." Drika hakuwa amepandisha sauti. Alimtazama Wout kwa muda mrefu, na Wout alitamani ardhi immeze, lakini vigae vya jikoni mle vilikuwa imara. "Unajua nimeishije wiki hizi? Naamka asubuhi najiuliza leo ni siku gani, najijibu, halafu naangalia kwenye gazeti, kwa sababu sijiamini. Nimemhesabu kila mtoto wa dada yangu kwa jina, waliokufa na walio hai, kuona kama nitamkosa mmoja. Sikumkosa hata mmoja, na bado sikuamini. Nilikuwa najiaga mwenyewe, Wout."

"Najua."

"Hujui." Alisimama. Alibandua karatasi ya kwenye jiko, akaikunja ndogo ndogo, akaitia mfukoni. "Leo ni Jumamosi. Watu wako bandani. Chukua koti la marehemu mume wangu hapo mlangoni, usije ukafa kwa baridi kabla hujasema."

Kutoka kwa Drika hadi kwenye banda ni mita mia tatu. Kwa mwendo wa kigari ni robo saa. Wout alitembea kando yake, ndani ya koti la mume wa Drika lililombana makwapa, na Liesbeth nyuma kama askari. Mapazia yalisogea nyumba baada ya nyumba. Wout alikuwa akitafuta sentensi nzuri ya kuanzia, na kila aliyoipata ilikuwa na "lakini" ndani yake, akaitupa.

Bandani walikuwa watu kama ishirini, wakichomelea fremu ya gari la Septemba. Corrie alikuwa miongoni mwao. Sijui alitangulia kwa njia gani; huenda alipita shambani. Janus alizima mashine.

"Drika! Karibu, mama. Vipi tena?"

"Wout ana neno," alisema Drika, akakaa kwenye benchi lile lile la karibu na mlango.

Alilisema. Lilimchukua dakika mbili, na sauti ilimkatika kwenye neno "kihita". Alisema kuhusu presha, vifuniko, kidole kimoja. Alisema kuhusu siku ya kupasua, kwamba alisimama pale, akasikia, akala. Hakuna aliyemkatiza, ingawa alikuwa akiomba kimoyomoyo mtu amkatize, hata kwa tusi.

Alipomaliza, Janus alivua glavu moja, akaivaa tena. Uso wake mnene ulikuwa umebadilika rangi.

"Nilimwambia kila mtu," alisema Janus polepole. "Nilizunguka nyumba kwa nyumba na huo uongo wako, nikimsikitikia. Umenifanya baragumu lako."

"Ndiyo."

"Viazi tungevisamehe, Wout. Viazi ni viazi."

Wout aligeuka kwa Drika. Alivua kofia, kitu ambacho hakukifanya hata kanisani kwa hiari.

"Shangazi, naomba unisamehe."

Watu waliegemea mbele kidogo. Achterlaar ni watu wapole, wanapenda mambo yaishe, kahawa imiminwe, kazi iendelee. Nadhani wengi walishaandaa uso wa kutabasamu.

"Nitakusamehe," alisema Drika. "Mimi si mtu wa kufa na kinyongo. Lakini si leo. Leo nataka kukasirika, kwa akili zangu timamu, na nijue kwamba ni hasira yangu na nina sababu. Hiyo usininyang'anye pia."

Kisha akamgeukia Janus. "Hivyo kumi na kimoja viko wapi?"

"Nyumbani kwangu, kwenye mchanga. Vimeanza kutoa ncha."

"Tangu lini?"

"Wiki hivi."

"Wiki! Na mnachomelea vyuma?" Alikuwa ameshasimama. "Vinataka joto na mwanga leo hii. Liesbeth, rudi ukavirudishe vyombo vyangu kabatini, nitahitaji meza. Nitafutieni kisu chembamba na spiriti. Na mtu wa kunishikia kisanduku, mwenye mkono usiotetemeka."

Wout alipiga hatua moja mbele. Alikuwa na mkono usiotetemeka, kila mtu alijua.

"Corrie," alisema Drika. "Njoo, mwanangu."

Corrie alipita mbele ya mumewe, akafunga vifungo vya koti lake. Watu walifungua milango miwili ya banda ili kigari kipite, wakatoka nyuma ya Drika wote, wakiongea kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia Wout aje wala abaki.